That '70s Show: Kipindi cha Vijana Kinachobebwa na Wazazi

Nimeitazama upya That '70s Show, tamthilia ya vichekesho ya Marekani iliyorushwa na kituo cha Fox kuanzia Agosti 1998 hadi Mei 2006, na safari hii nimeifuata yote kwa mpangilio wake, misimu minane yenye jumla ya sehemu 200. Wengi wetu tuliionja vipande vipande, sehemu moja leo na nyingine baada ya wiki kadhaa, na kwa utazamaji wa namna hiyo mtu hubaki na picha ya vijana sita waliojibanza chini ya nyumba wakicheka. Ukiifuata kwa mpangilio unaona jambo jingine, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: kipindi hiki kilichotengenezwa kwa ajili ya vijana kinabebwa na baba na mama wenye nyumba, na mara nyingi panapolegea utakuta uzi unaowaunganisha wazazi hao na vijana umekatika.

Hadithi iko Point Place, kitongoji cha kubuni katika jimbo la Wisconsin, eneo la baridi kali, viwanda na mapenzi makubwa kwa Green Bay Packers, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Inaanza mwezi Mei 1976. Eric Forman, anayeigizwa na Topher Grace, ni kijana mwembamba mwenye ulimi mwepesi na moyo wa woga. Anaishi na baba yake Red na mama yake Kitty, na nyumba ya jirani yupo Donna Pinciotti, yaani Laura Prepon, msichana ambaye wamekua pamoja na ambaye sasa anampenda. Katika chumba cha chini ya nyumba ya akina Forman, chenye kochi kuukuu na friza, hukusanyika pia Hyde mwenye kushuku kila serikali, Kelso aliyejaliwa sura akanyimwa busara, Jackie mtoto wa tajiri, na Fez, mwanafunzi aliyetoka nje ya nchi. Ashton Kutcher (Kelso), Mila Kunis (Jackie) na Wilmer Valderrama (Fez) walianza kujulikana kwa majukumu haya, na Kunis alikuwa na umri wa miaka 14 tu alipochukuliwa. Waundaji ni Bonnie Turner, Terry Turner na Mark Brazill. Isipokuwa sehemu ya kwanza kabisa, sehemu zote ziliongozwa na mtu mmoja, David Trainer, na utulivu wa mwendo wake unaonekana hata katika misimu ambayo maandishi yalikuwa yamechoka.

Mtu anayetafuta kumbukumbu za miaka ya sabini atazipata kwa wingi. Suruali za bugaluu zipo, viatu vya raizoni vipo, kuta zimepakwa rangi ya chungwa na kahawia, na nywele za Bob Pinciotti, baba yake Donna, zimesokotwa kwa dawa mpaka zikawa kama kofia. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye ameona albamu za picha za wazazi wake, mavazi hayo hayahitaji maelezo, kwa sababu mtindo huo ulifika kwetu katika miaka ileile. Hata hivyo mavazi ni sehemu ndogo ya sababu iliyonifanya niendelee kutazama. Muongo ule unaingia ndani ya nyumba ya akina Forman kwa njia ya pesa. Red, askari wa zamani wa jeshi la majini aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia na vita vya Korea, anafanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Katika msimu wa kwanza saa zake za kazi zinapunguzwa, na mwanzoni mwa msimu wa pili kiwanda kinafungwa. Kitty, ambaye ni muuguzi, analazimika kubeba sehemu kubwa zaidi ya matumizi ya nyumba, na mwanamume aliyejijenga juu ya kazi ya mikono yake anakaa sebuleni mchana kutwa akitafuta kitu cha kutengeneza, kabla ya kukubali kazi katika duka kubwa liitwalo Price Mart.

Sijaona vichekesho vingi vinavyoishughulikia hali hiyo kwa uaminifu namna hii. Huko Marekani mabadiliko ya miaka ile, kuanzia kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 hadi ushindani wa magari ya Japani, yalizipiga familia za viwandani za majimbo ya kaskazini. Tamthilia haikuhutubii juu ya hayo. Inakuonyesha baba akikasirika kwa sababu mtoto ameacha taa ikiwaka. Mtazamaji aliyelelewa na mzazi aliyepunguzwa kazini anaijua hasira ile, kwamba taa ni kisingizio, na kwamba anayegombezwa anabeba uchungu ambao mwenyewe haujui. Kurtwood Smith anaiigiza kwa uso ambao karibu hausogei. Maneno yake makali, hasa kile kitisho chake cha kila siku cha kumpiga mtu teke la matakoni, yamekuwa maarufu kuliko tamthilia yenyewe, lakini mtazame anaponyamaza: macho yanateremka kidogo, mkono unatafuta gazeti, na unajua kwamba anaogopa.

Kuna mambo mawili ya msimu wa kwanza ambayo ningemwonyesha mtu yeyote anayedhani kwamba hiki ni kipindi cha utani wa bangi tu. La kwanza ni kifo cha bibi. Mama yake Red ni mwanamke mkorofi ambaye kila anapokuja humdhalilisha Kitty, na siku moja Eric, akiwa anamwendesha kwenye gari, anapata ujasiri wa kumuuliza iwapo itamuua kumtendea mama yake wema japo kidogo. Bibi anafia palepale, garini. Waandishi wangeweza kuishia kwenye kicheko hicho, lakini wanaendelea. Eric anabaki na mzigo wa maneno yake ya mwisho, na Red, ambaye hajui kulia mbele ya watu, analazimika kuwa baba wa kijana aliyeshtuka ilhali yeye mwenyewe ndiye aliyefiwa. Bibi huyo anaigizwa na Marion Ross, aliyekuwa mama mpendwa wa Happy Days, tamthilia iliyoanza mwaka 1974 na iliyokuwa ikiikumbuka miaka ya hamsini kule Milwaukee, katika jimbo hilohilo la Wisconsin. Yaani vijana wa miaka ya sabini nao walikuwa wakitazama kipindi kilichotamani miaka ya nyuma, na mama wa kipindi hicho ndiye aliyeletwa hapa kuwa mama mkwe mkorofi. Ninavutiwa sana na uteuzi huo, kwa sababu unaonyesha kwamba watengenezaji walijua vizuri wanacheza na jambo gani.

La pili ni Hyde kuhamia kwa akina Forman. Mama yake amemtelekeza, na kijana anaendelea kwenda shule na kutania kama kawaida ili mtu asigundue kwamba anaishi peke yake. Wanapogundua, kazi ya Red tayari imeyumba na kila mdomo unaoongezeka mezani ni hesabu. Pamoja na hayo wanamchukua. Hakuna muziki wa kuliza watu wala hotuba ya upendo. Kuanzia hapo Hyde anakuwa mtoto wa pili wa kiume wa nyumba ile, na mapenzi ya Red kwake yanapita kwenye ugomvi uleule anaompa Eric, kwa hiyo mtazamaji anaelewa kwamba kugombezwa na Red ni kuhesabiwa kuwa wake.

Kitty anastahili aya yake, kwa maana wapo wanaomkumbuka kwa kicheko chake cha ajabu pekee. Debra Jo Rupp anamwigiza mama huyu katika tabaka nyingi: ukarimu wa kupika kwa ajili ya watoto wa watu, glasi ya kinywaji inayojazwa mara nyingi kuliko anavyokiri, na uchovu wa mwanamke anayetoka zamu hospitalini kisha anaanza zamu nyingine jikoni. Ipo hadithi ambamo anaamini amepata mimba katika umri ambao hakuitarajia, anaipokea kwa hofu na furaha, halafu anaelezwa kwamba kilichotokea ni kukoma kwa hedhi. Nimeona tamthilia nyingi zikiliepuka jambo hilo au kulifanya mzaha wa kumdhalilisha mama. Hapa wanamwacha ahuzunike na awe na hasira bila sababu anayoweza kuitaja, na wanaume wa nyumba ile, ambao hawana lugha ya kuzungumzia mwili wa mwanamke, wanajikanyaga huku na huko wakijaribu kusaidia. Nilicheka sana, na nilimheshimu zaidi kila baada ya kicheko.

Kuhusu utengenezaji, wajue wasiopenda vicheko vya watazamaji kwamba vipo. Tamthilia ilirekodiwa studio huko Los Angeles mbele ya hadhira, kwa utaratibu wa zamani wa jukwaa na kamera kadhaa. Ndani ya utaratibu huo lakini waliingiza ubunifu ambao hadi leo haujachakaa. Maarufu zaidi ni mzunguko: vijana wameketi kuizunguka meza, kamera iko katikati, nayo inageuka kutoka uso mmoja hadi mwingine huku moshi ukielea nyuma yao. Bangi yenyewe haionyeshwi. Unaoneshwa moshi na upuuzi wa mazungumzo, na hilo liliwawezesha kupita kwenye masharti ya televisheni ya Marekani. Kinachonivutia katika mzunguko huo ni kwamba kila mtu anazungumza akiitazama kamera, kwa hiyo mtazamaji anakalia kiti katikati ya marafiki. Baadaye hata Red na Kitty wanawekwa katika mizunguko yao, na hizo ndizo bora. Mbali na hayo kuna ndoto za mchana za Eric na skrini inayogawanywa mara mbili. Wimbo wa mwanzo ulitungwa na Alex Chilton na Chris Bell, na kuanzia msimu wa pili uliimbwa na bendi ya Cheap Trick; vijana wanauimba ndani ya gari refu la familia aina ya Oldsmobile Vista Cruiser, kisha kibao cha namba cha Wisconsin kinatokea kikiwa na kibandiko cha mwaka. Kodolea macho kibandiko hicho, kwa sababu ndicho kalenda yako pekee ya uhakika.

Ninasema kalenda kwa sababu muda ni tatizo la kweli hapa. Misimu minane ya utangazaji imebanwa ndani ya kipindi cha kuanzia Mei 1976 hadi Desemba 1979. Mwaka mmoja wa hadithi unanyooshwa, waigizaji wanakua mbele ya macho yako, na kufikia msimu wa sita unaona wanaume wazima wakiigiza watu waliomaliza shule ya sekondari jana. Mtazamaji wa zamani, aliyesubiri wiki hadi wiki, pengine hakusumbuka. Anayetazama mfululizo atasumbuka.

Siasa inapoingia, huingia kupitia Red. Nafurahia sehemu ambamo Rais Gerald Ford anazuru Point Place wakati wa kampeni. Vijana wanapanga kukatiza hafla hiyo wakiwa uchi, jambo lililokuwa fasheni ya ajabu ya miaka ile, na Eric anakimbia akiwa amevaa kinyago cha sura ya Nixon. Lakini kiini cha sehemu ile ni Red kusimama mbele ya Rais na kumuuliza, bila kupamba, iliwezekanaje akamsamehe Nixon. Kwa wasiofuatilia historia hiyo, Richard Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate, na Ford alimpa msamaha mwezi uliofuata. Watazamaji wetu wanaoijua historia hiyo kwa juu juu tu wataelewa uzito wake kwa sauti ya mzee mmoja kuliko kwa kitabu.

Sasa nieleze lililoniudhi. Fez hana nchi. Tunaambiwa ametoka mbali, ana lafudhi, ana mazoea ya kuchekesha, na kutokutajwa kwa nchi yake kumefanywa utani wa miaka minane. Valderrama anamwigiza kwa uchangamfu mkubwa, na kwa kweli kuna nyakati utani unawageukia Wamarekani wenyewe, wasiojali hata kuuliza. Hadithi ya hofu yake ya kurudishwa kwao baada ya kuhitimu imeandikwa vizuri, na inafikia kilele mwishoni mwa msimu wa tano, pale anapomwoa dada yake Eric, Laurie, ili apate kubaki, na Red akapata mshtuko wa moyo baada ya kujua. Kwa yeyote mwenye ndugu aliyehangaika na karatasi za uhamiaji ughaibuni, hapo hapachekeshi tu. Ila mara nyingi mno utani unamwangukia mgeni kwa kuwa mgeni. Mazoea hayohayo yanarudi mwishoni mwa msimu wa saba, Eric anapoondoka kwenda kufundisha Afrika. Bara lenye nchi zaidi ya 50 linazungumzwa kana kwamba ni kituo kimoja cha basi. Mwaka 1979, ambao kijana huyu angekuwa huku, ni mwaka ambao vita vya Kagera vilimwondoa Idi Amin madarakani. Watu wa huku tulikuwa na historia yetu inayokwenda kwa kasi, na tamthilia iliyoweka uangalifu wote ule katika rangi ya kuta za Wisconsin ilipaswa kutumia dakika tano kufungua ramani.

Kuondoka huko kwa Eric ndiko kunakouangusha msimu wa nane. Grace aliacha, Kutcher naye akabaki kwa sehemu chache tu za mwanzo, na nafasi ikajazwa na Randy, aliyeigizwa na Josh Meyers. Simlaumu Meyers, kwa kuwa hakupewa kitu cha kuigiza. Nyumba ya akina Forman bila mtoto wao ni ya kushangaza: vijana ambao hawana uhusiano wa damu na wenye nyumba wanaendelea kushinda chini, baba anaendelea kuwatishia, lakini kitisho hakina tena mwana wa kukipokea. Hata utangulizi ulibadilishwa, ile safari ya gari ikaondolewa, wakawekwa kwenye mzunguko wakiimba. Donna, ambaye kwa misimu saba alikuwa na hoja zake juu ya haki za wanawake na huzuni yake juu ya mama aliyeondoka nyumbani, anageuzwa mtu wa kupewa mpenzi mpya. Ushauri wangu ni kutazama hadi mwisho wa msimu wa saba, kisha kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho kabisa, usiku wa kuamkia 1980, kwa kuwa Grace na Kutcher wanarudi humo na Red na Kitty wanapewa nafasi wanayostahili.

Lipo jambo zito ambalo mtazamaji wa leo lazima alijue kabla ya kuanza. Danny Masterson, aliyeigiza Hyde, alitiwa hatiani na baraza la mahakama huko Los Angeles mwezi Mei 2023 kwa makosa mawili ya ubakaji yaliyotendeka mwaka 2003, wakati tamthilia ikiendelea kutengenezwa, na Septemba mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Hyde yumo katika karibu kila sehemu, na yumo ndani ya ile hadithi ya kulelewa niliyoisifu hapo juu. Kuna watu ambao kwa sababu hiyo hawataitazama, na nawaunga mkono. Mimi nimeitazama nikiwa na uzito moyoni, na sitamwambia mtu yeyote kwamba uzito huo unaondoka.

Kuhusu nani wa kutazama naye: mazungumzo ya ngono ni mengi, bangi haifichwi kwa aliyepevuka, na matusi mepesi yametapakaa. Usiiweke sebuleni mkiwa mmeketi na wakwe. Kwa kijana wa miaka 16 na kuendelea, akiwa na mzazi asiyeona haya kuzungumza, inafaa sana, kwa maana maswali yatakayozuka ni yale ambayo familia huyaahirisha. Lugha ni Kiingereza cha mitaani kinachokwenda mbio, na utani mwingi unategemea majina ya wanasiasa, bendi na vipindi vya wakati ule. Maandishi chini ya picha yatakusaidia hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Waliomaliza watauliza kuhusu That '90s Show, iliyotolewa na Netflix Januari 2023 na kusitishwa mwaka 2024. Imewekwa mwaka 1995, na Leia, binti wa Eric na Donna, anakuja kukaa na babu na bibi yake Point Place wakati wa likizo ya kiangazi. Waigizaji wengi wa zamani wanapita tu kusalimia, lakini Kurtwood Smith na Debra Jo Rupp wamewekwa katikati tangu mwanzo, naye Red anapanda na kushuka ngazi zilezile akiwafokea watoto wa kizazi kingine. Vijana wapya ni wachangamfu, ingawa maandishi yao ni mepesi na shida ya pesa imepotea kabisa katika nyumba hiyo. Nilijikuta nikisubiri jikoni, wazee wawili wanapobaki peke yao na Kitty akamuuliza mumewe jambo ambalo hataki kulijibu, na kwa ajili ya dakika hizo niliitazama yote.